Betri iliyojeruhiwa haijafa: ushauri kuhusu moto wa magari ya umeme na ruzuku zinazoyabeba

Mei 2011, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia usalama wa magari, NHTSA, uliligongesha Chevrolet Volt ubavuni kwenye nguzo huko Wisconsin. Lilikuwa jaribio la kawaida. Gari likapata alama zake, likaegeshwa nje pamoja na mengine. Wiki tatu baadaye likawaka lenyewe, likayaunguza na yaliyokuwa jirani yake.

Nguzo ilikuwa imeiumiza betri na mfumo wake wa kupooza. Kulanti, yaani maji ya kupoozea, ikavuja kidogo kidogo, ikakauka juu ya vifaa vya umeme, na mabaki yake yakawa njia ya umeme kupita pasipotakiwa. Betri ile ilikuwa ya kWh 16, na baada ya kugongeshwa hakuna aliyeutoa umeme uliobaki ndani. Kosa hilo ndilo linaloendelea kurudiwa kwenye yadi za magari mabovu hadi leo. Kwa gari la petroli, injini ikizimwa na tanki likamwagwa, hatari imeondoka. Betri ya gari la umeme haizimwi kwa ufunguo: ukikata nyaya zote za rangi ya machungwa, zile za volti kubwa, seli zenyewe, vipande vidogo vinavyoijenga betri, bado zimejaa umeme.

Seli ya lithiamu ikichomwa, ikibanwa au ikipata hitilafu ndani, joto hupanda mpaka kemikali zake zinaanza kuzalisha joto zenyewe. Hapo haihitaji tena chanzo cha nje. Inaipasha seli ya pili, ya pili inaipasha ya tatu. Hatua ya kwanza mara nyingi si ndimi za moto bali wingu jeupe au la kijivu linalotoka chini ya gari, pamoja na milio ya kupasukapasuka na harufu tamu inayofanana na ya kiyeyusho cha rangi. Wengi hudhani ni mvuke wa maji. Ni gesi: ndani yake mna haidrojeni, kaboni monoksidi na floridi ya haidrojeni inayounguza mapafu. Kwenye gereji iliyofungwa, wingu hilo likikusanyika kisha likapata cheche, hulipuka.

Kwa hiyo ukiliona, simamisha gari mbali na majengo, toa watu wote, usirudi kuchukua mkoba, kaa upande upepo unakotoka, angalau mita 15, na uite zimamoto. Ukipiga simu, neno la kwanza liwe kwamba gari ni la umeme, la pili liwe aina yake. Mtungi wa poda au wa kaboni dioksidi utazima viti na plastiki ila hautaipooza betri, kwa sababu moto uko ndani ya sanduku la chuma. Kinachopooza ni maji, na ni maji mengi. Mwongozo wa waokoaji wa Tesla Model S ulitaja galoni 3,000, yaani zaidi ya lita 11,000, kuelekezwa kwenye betri yenyewe. Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita elfu chache tu, kwa hiyo chanzo cha pili cha maji kitafutwe mapema, kabla cha kwanza hakijaisha. Mablanketi ya kuzimia moto husaidia kulinda gari la jirani, lakini hufungia gesi chini yake, na kulifunua mapema ni hatari. Na mtu asitoboe betri kwa sururu au drili ili maji yaingie: anaweza kuamsha seli zilizokuwa nzima, au akapigwa na umeme wa volti 400.

Moto ukizimika, kazi haijaisha. Huko Mountain View, California, Machi 2018, Tesla iliyogonga ukuta wa barabara kuu iliwaka, ikazimwa, ikapelekwa yadi, na siku ya 5 ikawaka tena. Mwenye gari la kuvuta magari mabovu na mwenye yadi ndio wanaohitaji kulijua hili kuliko mtu yeyote. Gari la umeme lililogongwa chini au ubavuni liwekwe peke yake, nje, mita 15 kila upande, lisiingizwe ndani wala kupandishiwa jingine juu yake. Lipimwe joto kwa kamera ya joto mara kwa mara, na fundi wa kampuni atoe umeme uliobaki kabla mtu hajaanza kuuza vipuri.

Sasa turudi Wisconsin, kwa sababu kuna upande wa pili. Volt lile liliungua Juni. Umma ukapata habari Novemba. Katikati ya muda huo serikali ya Marekani ilikuwa inamiliki zaidi ya robo ya hisa za General Motors (GM), mtengenezaji wa Volt, baada ya kuiokoa kampuni isifilisike, na kila mnunuzi wa Volt alistahili nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. NHTSA ilieleza kwamba ilihitaji muda wa kujua chanzo, na uchunguzi rasmi ulipofungwa Januari 2012 ulisema Volt halikuwa na hatari kubwa kuliko gari la petroli. Naamini hitimisho hilo lilikuwa sahihi: hata Norway na Sweden, zenye magari mengi ya umeme, haya huungua mara chache kuliko ya petroli. Lakini miezi mitano ya kimya ilitosha kuharibu imani, na Bunge la Marekani likaita kikao kuuliza wakala ulijua nini na lini. Anayemiliki hisa, anayetoa ruzuku na anayekagua usalama wakiwa ni serikali ileile, matokeo ya jaribio lazima yatoke haraka kuliko kawaida. Hata tiba yenyewe haikuwa ngumu. GM iliimarisha chuma kinachoizunguka betri, ikaweka kihisi cha kiwango cha kulanti na kizuizi cha kujaza kulanti kupita kiasi.

Mkopo wa Fisker, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, unafundisha kitu kingine. Wizara ya Nishati ya Marekani iliidhinisha dola milioni 529 mwaka 2010, lakini fedha zilitolewa kwa awamu, kila awamu na sharti lake. Kampuni ilipochelewa kutimiza masharti mwaka 2011, bomba likafungwa, baada ya kuchukuliwa dola milioni 192. Fisker ilifilisika Novemba 2013 na walipa kodi wakapoteza takriban dola milioni 139. Hasara kubwa, ila bila awamu ingekuwa kubwa zaidi. Tesla nayo ilikopa dola milioni 465 kwenye mpango huohuo na ikamaliza deni Mei 2013, miaka mingi kabla ya muda. Anayeitaja moja na kuificha nyingine anakuuzia siasa. Upande wa ruzuku za viwanda, LG Chem ilipewa dola milioni 151 kwa kiwanda cha seli huko Holland, Michigan, na mkaguzi wa Wizara aliripoti Februari 2013 kwamba kiwanda hakijatoa hata seli moja ya kuwekwa kwenye gari la kuuzwa, huku wafanyakazi wakilipwa kwa muda walioutumia kucheza na kutazama filamu.

Fisker walipata pia somo la maji ya chumvi, na wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja walisikilize. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliisukuma bahari ndani ya bandari ya Newark, na magari 16 ya Fisker, aina ya Karma, yakaungua. Uchunguzi wa kampuni ulielekeza kwenye chombo cha udhibiti kinacholishwa na betri ndogo ya volti 12: chumvi ilikula ndani yake, ikaleta shoti. Florida waliyaona tena baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, safari hii kwenye betri kubwa. Chumvi inapitisha umeme, na maji yakikauka chumvi inabaki, ndiyo maana moto unaweza kuja siku au wiki kadhaa baadaye. Gari lililozama kwenye maji ya bahari lisiwashwe na lisichajiwe hata kama dashibodi inaonekana nzima. Livutwe hadi uwanja wazi. Ukinunua gari lililotumika, kagua chini ya zulia na kwenye vishikizo vya mikanda: kutu, mchanga au mstari wa maji ni sababu ya kuondoka. Maji ya mvua yana hatari ndogo, ila fundi apime uimara wa ukingaji wa umeme kabla ya kuchaji.

Sehemu ya chini ya betri ni mahali pengine pa kukagua. Oktoba 2013, karibu na Seattle, kipande cha chuma kilichoanguka barabarani kilitoboa sahani ya kinga ya Model S na gari likawaka. Machi 2014 Tesla iliongeza ngao yenye sahani ya titani. Kwenye matuta yetu na barabara za changarawe, gari linalokwaruza tumbo lipandishwe kila huduma na sanduku la betri litazamwe kwa tochi. Kibonyeo chenye kina, ufa au kulanti inayodondoka si jambo la kupaka rangi.

Kuna pia kasoro za kiwandani ambazo macho hayazioni. Mwaka 2021 GM iliita Chevrolet Bolt zote, takriban 142,000, zirudi kurekebishwa, kwa sababu baadhi ya seli za LG zilikuwa na kichupo (ulimi wa chuma unaopitisha umeme) kilichochanika na kitenganishi (utando unaotenga pande mbili za seli) kilichokunjika; vyote viwili vikikutana ndani ya seli moja, moto unawezekana. Mpaka zirekebishwe, wenye magari waliambiwa wachaji mwisho asilimia 90, wasiishushe betri chini ya umbali wa maili 70 uliobaki, na waegeshe nje wakimaliza kuchaji. Gari likishafika kwetu kama mtumba, wito kama huo haumfikii mmiliki mpya, kwa hiyo tafuta mwenyewe namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa. Kwa Nissan Leaf, programu ya simu na kisomaji cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, vitakuonyesha volti za makundi 96 ya seli. Makundi yakitofautiana kwa makumi machache ya milivolti ni sawa. Moja likishuka sana peke yake, hasa gari likipanda mlima, betri hiyo iachwe.

Nyumbani, kinachoungua mara nyingi ni soketi. Kebo nyingi zinazokuja na magari ya Japani zimetengenezwa kwa volti 200 na ampea 15. Fundi anaikata plagi, anafunga ya pini tatu ya ampea 13, na umeme wa nyumba ni volti 230 au 240. Plagi hiyo haikutengenezwa kubeba mzigo kamili usiku kucha. Tumia kebo ya volti za hapa iliyowekewa kikomo cha ampea 10, na ufanye hesabu: kWh 24 kwa wati 2,300 ni zaidi ya saa 10. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kutoshikika, zima. Usitumie waya wa nyongeza, na kama huna budi usiuache umekunjwa kwenye gurudumu lake. Bora zaidi ni laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa shaba wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) inayotambua uvujaji wa umeme wa DC, na waya wa udongo uliopimwa. Betri za pikipiki nazo zisichajiwe chumbani wala kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea.

Serikali zetu zimeshaanza kutoa nafuu. Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Rwanda, Aprili 2021, ilisamehe VAT na ushuru kwa magari, betri na vifaa vya kuchajia. Naziunga mkono nafuu hizo, na ndiyo sababu nataka ziwe na masharti yanayoandikwa kwenye kibali. Anayeingiza magari kwa msamaha wa kodi aonyeshe cheti cha majaribio ya betri ya UN 38.3 ya usafirishaji na ya kanuni ya UN R100 ya gari lenyewe. Aripoti kila moto, na ripoti iwe wazi kwa umma ndani ya siku zilizotajwa. Fedha za mkopo zitoke kwa awamu, na awamu moja isitoke mpaka kituo cha zimamoto cha eneo la biashara kipewe mafunzo, kamera ya joto na mahali pa kutengea magari yaliyoungua. Kampuni za kubadilishia betri za pikipiki ziweke vitambua moshi na nafasi kati ya makabati, na zisirudishe kazini betri iliyoanguka bila kupimwa.

Wakati hayo yanasubiriwa, pakua karatasi ya uokoaji ya gari lako, ile inayoonyesha ilipo betri, mahali pa kukata umeme na nyaya zisizoguswa. Programu ya Euro RESCUE hutoa nyingi bila malipo na hufanya kazi bila intaneti. Chapisha nakala moja uiweke nyuma ya kizuia jua cha dereva, na nyingine uipeleke kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe.