Nilivimbiwa Siku ya Iddi: Je, Ni Israfu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Siku ya Iddi nilikula pilau mpaka nikaswali Adhuhuri kwa taabu, na tangu hapo roho inanisuta. Siku za kawaida si mlaji sana, ila kila usiku namalizia mabaki ya watoto yasije yakatupwa, hata kama nimeshashiba. Je, nina dhambi kwa lile la Iddi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu.

La Iddi lisikukoseshe usingizi. Kushiba sana mara mojamoja si haramu maadamu hakukudhuru. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kisa cha sahaba Abu Hurayra, aliyekuwa na njaa kali. Mtume (s.a.w.) alipata bakuli la maziwa, wakaitwa watu wa Suffa, yaani maskini waliokuwa wakikaa msikitini kwake, wakanywa wote, kisha akamwambia Abu Hurayra, "Kunywa." Akanywa, akaambiwa tena, na tena, hadi akaapa kwamba hana tena pa kuyapitishia. Hakulaumiwa. Wewe leta istighfari, yaani omba msamaha kwa Allah, kwa ule uzito wa swala, yaishe.

Linalonishughulisha ni hilo ulilolitaja kwa kupita. Vijiko vitatu vya wali wa mtoto, kipande cha chapati kilichokwisha kung'atwa: kwa usiku mmoja si kitu, lakini mwaka wa Hijria una siku zipatazo 354. Mtume (s.a.w.) alisema amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ya kudumu hata ikiwa ndogo, na wanazuoni wakatutahadharisha kwamba kosa dogo nalo hukua kwa kudumishwa. Katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na sahaba Miqdam, tumbo limegawiwa: thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji, thuluthi ya pumzi. Hiyo ya pumzi ndiyo unayoijaza kila usiku.

Najua nia yako ni kukimbia israfu. Lakini chakula kilichotiwa kwenye tumbo lililoshiba hakikuokolewa, dada yangu; kimepotea vilevile, na mwili wako umebebeshwa.

Dawa iko kwenye kupima mchele. Punguza kidogo kwenye kibaba, kwani chakula cha wawili kinawatosha watatu. Watoto wapakulie kidogo, atakayetaka aongezwe. Kitakachobaki sufuriani kifunike vizuri, kiwe kiporo cha asubuhi, na cha kwenye sahani wape kuku. Wala usijiambie utaanza Ramadhani. Anza na chakula cha usiku wa leo.

Wallahu a'lam.