Kwa Wanaoanza Kutunga Mashairi ya Unyumba

Mimi hutunga mashairi hapa Wete, Pemba, na wengi wanaonijia kujifunza huja na shairi la mke na mume wanaoishi nyumba moja bila ya kusemezana. Sheria huwa wameshazijua: mizani (silabi) 8 ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, yaani nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho. Kisha hunisomea mshororo kama huu: “Pendo letu limekwisha, moyo wangu waumia.” Mizani imetimia, lakini msikilizaji hajaoneshwa kitu, kwani moyo wa nani hauumii? Uwekeni kando ya huu: “Chai yapoa jamvini, kikombe hukukishika.” Neno pendo halimo, wala uchungu haukutajwa, ila kikombe kisichoguswa kinatosha kusema kwamba watu hawa wamenuniana.

Mshororo huo wa pili ni wangu, na ulinitia matatani. Niliutunga mume wangu aliporudi kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, baada ya kukaa huko zaidi ya mwezi, nikausoma kwenye shughuli ya harusi kwa jirani. Jina sikulitaja, lakini mtaani kwetu nani asiyejua mume wa nani alikuwa dago? Kesho yake wavuvi wenzake walimwimbia mshororo wangu huo huko dikoni, vyombo vinapofikia pwani, naye akarudi nyumbani, akatundika mshipi wake wa kuvulia, akalala bila ya kula.

Nilikuwa nimetunga mpasho nikauita shairi. Mpasho una mahali pake, kama ilivyo kanga yenye jina kali, lakini vyote viwili hutafuta mtu wa kumchoma, ilhali ugomvi wa nyumbani una watu wawili ndani yake. Kwa hiyo nawashauri mtumie mila yetu ya kujibizana, ambayo mwenye kujibu hufuata vina vya mwenzake: mkimaliza ubeti wenu, tungeni wa pili kwa kinywa cha yule mnayemlalamikia. Nilipojilazimisha kufanya hivyo, kina cha “-ni” na cha “-ka” vilinipeleka nisikotaka: “Nilitoka baharini, hodi hukuiitika.” Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile nilimsikia akibisha, nikanyamaza jikoni.

Beti hizo mbili nilimsomea yeye peke yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanisahihisha kwamba siku ile alitokea sokoni, si baharini. Nimekataa kubadilisha, kwa sababu “sokoni” ingenipunguzia mizani moja.