Video haichezi kwenye Linux: uliza kwanza ndani ya faili mna nini

Dada yangu aliniletea bahasha ya kaki yenye DVD mbili, VCD moja na kadi ya kumbukumbu ya kamera, akaniomba nimtolee nakala ya harusi yake ili watoto wake nao waione. Harusi hiyo ilifanyika Tanga mwaka 2010, na mpiga video aliyeirekodi alikwishahama mji, kwa hiyo yaliyokuwa ndani ya bahasha ile ndiyo yote tuliyobaki nayo. Kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa na Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, niliyoiweka karibuni tu. Nilichomeka kadi, nikabofya faili lenye jina 00003.MTS, na badala ya kumwona bibi harusi nikaona dirisha jeusi na ujumbe kwamba kinahitajika kisimbuzi (programu ya kufungua video iliyobanwa) cha H.264 ambacho hakikuwamo.

Nilipoteza nusu siku na bando zima nikipakua programu moja baada ya nyingine, bila kujua hasa natafuta nini. Kama ningeanza kwa kuuliza ndani ya faili lile mna nini, kazi ingekwisha kwa dakika kumi. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa kila anayekwama na video au sauti kwenye Linux unaanzia hapo, kabla ya amri yoyote ya kuweka programu.

Jina la mwisho la faili, yaani .mp4, .mkv, .avi au .mts, linataja kasha tu. Ndani ya kasha kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, na kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake, yaani njia ya kubana na kufungua picha au sauti, kama H.264. Mafaili mawili yenye jina la .mp4 yanaweza kutofautiana kabisa: moja lina picha za H.264 ambazo karibu kila chombo kinazifahamu, na jingine lina H.265 iliyotoka kwenye simu mpya. Mtu anayesema "kompyuta yangu haichezi MP4" bado hajatambua tatizo lake. Ili ulitambue, weka kifurushi cha ffmpeg, kisha uandike kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri:

ffprobe -hide_banner 00003.MTS

Katika majibu, tafuta mistari inayoanza na neno Stream. Kwa faili la dada yangu mmoja ulisema Video: h264 (High), na mwingine ukasema Audio: ac3. Maneno hayo mawili ndiyo niliyoyahitaji tangu asubuhi. Asiyependa terminali anaweza kuweka programu iitwayo MediaInfo, nayo itampa habari hiyo hiyo.

Wengi huuliza kwa nini Linux isije na kodeki zote tangu mwanzo. Sababu ni hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi juu ya uvumbuzi wao. H.264, iliyotolewa kama kiwango mwaka 2003, imejengwa juu ya uvumbuzi wa kampuni nyingi, na katika nchi zinazotambua hataza za programu, anayesambaza kisimbuzi chake anaweza kudaiwa malipo kwa kila nakala. Mradi unaogawa mfumo bure, na usiojua hata umenakiliwa mara ngapi, hauwezi kulipa kwa hesabu hiyo. Fedora, mfumo mwingine wa Linux unaodhaminiwa na Red Hat ya Marekani, ina tahadhari kubwa zaidi, hata mwaka 2022 ikaondoa msaada wa kadi za picha za kufungua H.264 na H.265 uliokuwamo katika Mesa, kifurushi cha programu zinazoendesha kadi hizo. Hataza, hata hivyo, zina mwisho. MP3 ilisumbua watumiaji wa Linux kwa miaka mingi, mpaka Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoiendeleza, ilipofunga mpango wake wa leseni mwezi Aprili 2017, na leo MP3 huchezwa na mifumo yote mikubwa bila nyongeza yoyote. Ukisoma mwongozo wa zamani unaokuhangaisha kuhusu MP3, uache, wakati wake umepita.

Sasa tuje kwenye tiba. Chukua kodeki kutoka kwenye hifadhi ya programu ya mfumo wako mwenyewe, na usizichukue kwenye tovuti yoyote inayokuambia kwamba video fulani inahitaji kichezaji maalumu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakilipia kutojua huku kwa kupoteza mafaili yao. Mkusanyiko wa kodeki uliotengenezwa kwa ajili ya Windows hauna kazi kwenye Linux, na tovuti inayokulazimisha kupakua kichezaji chake ili uone filamu mara nyingi inakuletea kitu kingine kabisa.

Kwa Ubuntu, kifurushi kinachotajwa kila mahali ni ubuntu-restricted-extras. Kinafanya kazi, lakini kina kikwazo kilichonikwamisha mimi na wengine niliowasaidia baadaye. Pamoja na kodeki, huleta fonti za Microsoft, na katikati ya kazi terminali hubadilika na kuonyesha ukurasa mrefu wa leseni wenye neno Ok chini yake. Kipanya hakifanyi kitu pale. Nilibofya neno lile mara nyingi, nikadhani kompyuta imeganda, nikalifunga dirisha kwa nguvu, na tangu hapo kila nilipotaka kuweka programu nyingine nilikataliwa. Kumbe ilitakiwa kubonyeza kitufe cha Tab mpaka neno Ok likolee rangi, kisha Enter, na kufanya hivyo tena kwenye swali la kukubali linalofuata. Kama umekwisha kufunga dirisha kama nilivyofanya, andika sudo dpkg --configure -a nayo kazi itaendelea pale ilipoachwa. Na kama unahitaji kodeki tu bila fonti, kuna njia fupi ambayo mimi ndiyo ninayoitumia siku hizi:

sudo apt update
sudo apt install ubuntu-restricted-addons

Wenye Linux Mint watumie kifurushi cha mint-meta-codecs, au wachague kodeki kwenye dirisha la makaribisho. Kwa Fedora, washa kwanza hifadhi ya RPM Fusion, kisha uibadilishe ffmpeg-free kwa ffmpeg kamili. Wenye openSUSE wataipata kazi hiyo kwenye hifadhi ya Packman.

Kuna mshangao mmoja unaowapata wengi hata baada ya hapo: VLC inacheza faili vizuri, lakini programu nyingine kwenye kompyuta hiyo hiyo inalikataa. Hii hutokea kwa sababu programu za Linux zimegawanyika katika koo mbili. VLC na mpv hutegemea maktaba za FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ilhali Rhythmbox, kichezaji cha muziki, na kichezaji cha video cha GNOME, mazingira ya dirisha ya Ubuntu, hutegemea GStreamer, ambayo ina viongezi vyake. Viongezi hivyo vimepangwa katika mafungu yenye majina ya good, bad na ugly. Fungu la ugly lina programu zilizoandikwa vizuri ila usambazaji wake unaweza kuleta tatizo la kisheria, na fungu la bad ni la zile ambazo bado hazijafikia ubora unaotakiwa. Kwa hiyo kama VLC inacheza na Rhythmbox inakataa, kinachopungua ni kiongezi cha GStreamer, hasa gstreamer1.0-libav au gstreamer1.0-plugins-ugly. Kwa mtu anayetaka tu kutazama video yake leo jioni, VLC kutoka hifadhi ya Ubuntu inatosha, na sioni sababu ya kumchosha na mengine.

Turudi kwenye bahasha. Zile DVD mbili zilikuwa za kuchomwa nyumbani, hazikufungwa kwa fumbo la CSS linalowekwa kwenye filamu za dukani, kwa hiyo niliingia kwenye folda ya VIDEO_TS na kuyanakili mafaili ya VOB moja kwa moja. DVD ya dukani ni habari nyingine: huko unahitaji libdvdcss, ambayo kwenye Ubuntu hupatikana kwa kuweka libdvd-pkg na kufuatisha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg, na ni vizuri ujue sheria ya nchi uliyopo inasemaje. VCD ndiyo iliyonitoa jasho. Ndani yake mna faili la AVSEQ01.DAT katika folda ya MPEGAV, na ukijaribu kulinakili kwa njia ya kawaida Linux hutoa kosa la kusoma diski, hata mtu akaamini kwamba diski imeharibika. Diski ilikuwa nzima. VCD huandika picha zake kwa aina ya sekta ambayo unakili wa kawaida hauwezi kuisoma, na programu ya vcdxrip, iliyomo kwenye kifurushi cha vcdimager, iliitoa video yote bila kukosa.

Mafaili ya kadi sikuyabana upya. Kila ukibana upya picha hupoteza kitu, na kumbukumbu za familia hazistahili kufanyiwa hivyo bila sababu. Nilibadilisha kasha tu, mikondo ikabaki vile vile:

ffmpeg -i 00003.MTS -c copy harusi-03.mkv

Amri hiyo huchukua sekunde chache, wakati kubana upya kungechukua saa nzima kwenye mashine kama yangu.

Wakati mwingine kodeki ipo na bado video inakatakata. Binamu yangu alinitumia kipande alichokirekodi kwa simu yake mpya, kikafunguka lakini picha ikawa inaruka huku feni ikilia. Ni H.265, na kompyuta yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, ambayo chipu yake ya picha inaweza kufungua H.264 lakini haiijui H.265, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa. Amri ya vainfo itakuonyesha chipu yako inajua zipi. Hapo ndipo kubana upya kuna maana, na mimi hufanya hivi, nikiliacha faili la asili palepale:

ffmpeg -i kipande.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy kipande.mp4

Video za mtandaoni zenye kufuli la haki za umiliki hazihusiani na haya yote. Firefox itakuomba ruhusa ya kuwasha DRM, na ukikubali zitacheza. Faili lililofungwa kwa kufuli la namna hiyo kwenye diski yako halitafunguliwa na kodeki yoyote.

Wenye kompyuta zisizo na intaneti wasikate tamaa. Kaka yangu yuko Muheza na bando kwake ni la kuhesabu, kwa hiyo nilitafuta mashine yenye toleo lile lile la Ubuntu kama lake, ambayo bado haikuwa na kodeki, nikaandika sudo apt install --download-only ubuntu-restricted-addons. Vifurushi vyote vya .deb vilikaa kwenye /var/cache/apt/archives, nikavinakili kwenye flashi, naye alipofika kwenye folda hiyo aliandika sudo apt install ./*.deb tu. Usijaribu njia hii kwa ubuntu-restricted-extras, kwa kuwa zile fonti za Microsoft hupakuliwa mtandaoni wakati wa kuwekwa. Libdvd-pkg nayo iko hivyo hivyo.

Katika flashi ile ile nilimwekea faili moja la AMR, sauti ya marehemu baba akitusomesha majina ya mababu, iliyorekodiwa kwa simu ya vitufe. VLC inalifungua bila shida. Pamoja nalo nilimpa nakala ya FLAC, muundo usio na mwenye kudai malipo na usiopoteza chochote cha sauti, ili asiye na VLC naye aweze kusikiliza.