Naitrasi kwenye pikapu: anza na petroli kabla ya mtungi

Pikapu yangu ni Hilux yenye injini ya 22R, ya kabureta, lita 2.4. Kazi yake ni kutoa karafuu za watu Mtambwe kuzipeleka Wete, na anayeijua Pemba anavijua vilima vyake. Niliposikia habari za gesi ya naitrasi nikaona nimepata dawa ya vilima.

Gesi yenyewe haiungui. Ni naitrojeni na oksijeni; ikifika ndani ya silinda joto huivunja, oksijeni ikaachiwa, na injini ikaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Nguvu inatoka kwenye hiyo petroli ya ziada. Lishike sana hili, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Nilifunga seti ndogo ya kuongeza nguvu za farasi 50, inayoingiza gesi na petroli pamoja chini ya kabureta. Pampu tuliiacha ileile ya zamani, na chujio la petroli hatukuligusa. Tukajaribu asubuhi kwenye njia ya shamba, gari tupu. Mara ya kwanza ilivuta mpaka nikaukumbatia usukani. Mara ya tatu nikasikia kama mtu anatikisa changarawe ndani ya debe, sekunde mbili tu, kisha moshi wa buluu ukatanda nyuma.

Tulipofungua plagi ya silinda ya 3, kauri yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu yake vimeganda vipunje vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe ya mchanga. Ile ndiyo pistoni yangu. Gesi iliingia yote, petroli haikufika ya kutosha, moto ukazidi, alumini ikayeyuka.

Kwa hiyo ndugu yangu, pima komprisheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, usifunge kitu. Weka pampu ya umeme inayotosha, chujio jipya, na swichi ya kukata gesi presha ya petroli inaposhuka. Taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, irudishwe nyuma kama digrii 2 kwa kila farasi 50 unazoongeza. Gesi ifunguke pale tu aksileta iko chini kabisa na injini imeshapita mizunguko 3,000 kwa dakika.

Na jua letu, jamani! Mtungi unataka presha ya psi 900 hadi 950 hivi. Joto likipita nyuzi 36 gesi hii haikai tena kama kimiminika, na presha hupanda kwa kasi. Siku moja niliuacha ndani ya kabini, vioo vimefungwa, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi mshale wa geji umepita 1,300. Nilifungua milango, nikawaambia watoto waliokuwa karibu wasogee mbali. Mtungi ukae nyuma, kivulini, umefungwa kwa mikanda, valvu imefungwa. Kabini hapana, maana ukivuja, gesi inachukua nafasi ya hewa unayovuta.

Ama vile vilima, mtungi wa kilo 4.5 kwa seti kama yangu huisha kwa dakika tatu hivi za kukanyaga. Gari yenye magunia inapanda kwa mizunguko ya chini, na huko chini ndiko naitrasi inakovunja injini. Baada ya pistoni mpya nilisafisha kabureta, nikarekebisha valvu, nikaweka klachi mpya. Juzi nimepandisha magunia kumi na mbili kwa gia ya pili.