Usimwekee Lijamu Kali: Majibu kwa Wapanda Farasi

Mwalimu, nimenunua farasi aliyestaafu mbio pale Ngong. Nikivuta hatamu apunguze mwendo, ndiyo kwanza anaongeza. Nimeshauriwa nimwekee lijamu, kile chuma cha mdomoni, kali zaidi.

Usimwekee, dada. Farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu anapokimbia. Ukikaza mkono, naye anakaza shingo. Si ukaidi huo, ndivyo alivyolelewa.

Achana na matiti, ule mwendo wa mbio ndogo, kwa sasa. Mtembeze hatua kumi, msimamishe, hesabu hadi tatu, mtembeze tena. Kabla hujagusa hatamu, kaa wima, shusha pumzi, tuliza kiuno kisifuate mwendo wake. Kisha finya vidole pole pole kama unakamua tui. Akipunguza tu, hata nusu hatua, legeza papo hapo. Anajifunza unapoachia, wala si unapovuta. Siku ya kwanza huenda akasimama hatua sita baada ya kumwomba, kapinda, kichwa juu. Mpokee hivyo hivyo. Zikishuka zikawa nne, hayo ni maendeleo makubwa. Mtazame masikio: siku moja utaona moja limegeukia nyuma, linakusikiliza, na mdomo unatafuna lijamu taratibu. Miaka yote hii, sikio lile bado hunifurahisha kuliko kikombe chochote.

Duara langu la mita 20 huishia kuwa yai. Kwa nini?

Bila shaka unavuta hatamu ya ndani. Shingo inapinda, bega linatorokea nje. Mguu wako wa ndani, karibu na mshipi wa tandiko, ndio wa kumpinda. Hatamu ya nje inazuia bega. Panga koni nne, moja kila robo ya duara, uzipite zote kwa umbali uleule. Kila farasi ana upande mgumu, kama sisi tulivyo na mkono dhaifu. Upande huo mfanyishe mara nyingi, lakini kidogo kidogo.

Mimi ni saisi, mtunza farasi. Farasi wetu alikuwa mzuri, sasa ghafla anatupa kichwa akienda matiti kushoto. Bosi anasema ni jeuri.

Ndugu yangu, hilo neno “ghafla” linanitia wasiwasi. Simamisheni mazoezi kwanza. Meno ya farasi huota ncha kali zinazokata mashavu kwa ndani. Kagua kwato. Bonyeza mgongo kwa vidole uone kama anaukwepa. Ukivua tandiko ukakuta doa kavu katikati ya jasho, huenda tandiko linambana pale. Mweleze bosi kwa heshima ulichokiona, aitwe daktari wa mifugo. Wewe unayempiga brashi kila asubuhi ndiwe unayemjua.

Dakika ngapi kwa siku?

Thelathini zinamtosha anayeanza, na kila baada ya chache umwachie hatamu ndefu anyooshe shingo. Akifanya vizuri dakika ya kumi na tano, shuka. Legeza mshipi palepale uwanjani, umwongoze zizini kwa miguu.