Mboga za kilimo hai zinastahili bei yake?

SWALI: Mtaalamu, hujambo. Ninaishi Kasarani pamoja na mume wangu na watoto wawili, na kitindamimba wetu ana miezi minane, ndiyo kwanza ameanza kula vyakula laini. Rafiki yangu ananisihi niache kununua kwa mama mboga wa mtaani kwa sababu, kwa maneno yake, tunakula sumu, badala yake ninunue mboga za organiki, yaani za kilimo hai kisichotumia mbolea na dawa za kemikali za viwandani, dukani, ambako bei ni karibu mara tatu. Kwa mboga na matunda tumetenga shilingi 1,500 kwa wiki. Je, chakula cha kilimo hai ni bora kweli kuliko kile cha kawaida? Na je, kuosha kwa maji ya chumvi au siki hakutoshi?

JIBU: Ahsante kwa swali lako, na hasa kwa kutaja bajeti, maana ushauri wa chakula usiojua mfuko wa mwulizaji haumfai mtu. Neno "bora" ulilotumia limebeba mambo matatu yasiyofanana: virutubishi vilivyomo, mabaki ya viuatilifu (dawa zinazopulizwa kwenye mazao dhidi ya wadudu na ukungu), na usalama wa chakula kwa jumla. Watetezi wa kilimo hai huyachanganya yote, na wapinzani wao hali kadhalika, ndiyo sababu mabishano hayaishi.

Kuhusu virutubishi, jibu ni fupi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipitia tafiti zaidi ya 200 zilizolinganisha vyakula vya aina hizi mbili, wakaona kwamba tofauti ya vitamini ni ndogo mno kuweza kubadilisha afya ya mlaji. Miaka miwili baadaye kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza lilichambua machapisho 343, likapata kwamba mazao ya kilimo hai yana polifenoli nyingi zaidi na madini ya kadimiamu, ambayo ni sumu, kidogo zaidi. Polifenoli ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea, pamoja na mengine, ili kujikinga na wadudu na magonjwa, kwa hiyo si ajabu kwamba mmea usiolindwa kwa dawa huzizalisha kwa wingi. Hata hivyo, aina ya mbegu, udongo, na muda uliopita tangu mavuno vina uzito mkubwa katika jambo hili. Sukuma wiki iliyovunwa Kinale jana jioni, ikafika soko la Marikiti kabla ya mapambazuko na kupikwa kwako leo, inaweza kabisa kuwa na vitamini C nyingi kuliko ile yenye kibandiko kizuri iliyonyauka dukani kwa siku nne. Kama ni virutubishi tu unavyotafuta, usiongeze hata shilingi kumi.

Kuhusu mabaki ya viuatilifu, rafiki yako ana hoja. Uchambuzi ule wa Newcastle ulionyesha kwamba mazao ya kawaida hukutwa na mabaki mara nne zaidi ya yale ya kilimo hai. Kukutwa na mabaki, hata hivyo, si sawa na kuwa na sumu ya kudhuru. Kila kiuatilifu huwekewa kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa katika zao fulani, na kiwango hicho huwa chini sana ya kile kinachoweza kumdhuru mlaji. Ili zao lisivuke kiwango hicho, kibandiko cha dawa humweleza mkulima idadi ya siku anazopaswa kungoja kati ya kupuliza na kuvuna: dawa nyingine siku tatu, nyingine saba, nyingine wiki mbili au zaidi. Mfumo wote umesimama juu ya siku hizo za kungoja, na hapo ndipo unapolegea.

Chukua nyanya. Tangu nondo aitwaye Tuta absoluta aingie Kenya mwaka 2014, mkulima wa nyanya wa Mwea au Loitokitok amekuwa akipambana naye pamoja na ukungu wa majani aliokuwa nao tangu zamani, na msimu wa mvua hupuliza mara kwa mara. Nyanya nayo haiivi kwa mkupuo, bali mkulima huvuna kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akipuliza huku akivuna. Dalali akipiga simu Jumanne kwamba bei imepanda na lori linapita Alhamisi, ni wakulima wangapi watakaomjibu kwamba nyanya zao bado zina siku tano za kungoja? Ukienda sokoni, tazama kreti kwa makini na huenda ukaona nyanya zenye unga mweupe au wa samawati iliyopauka uliokaukia kwenye kikonyo. Mara nyingine ni vumbi au mbolea ya majani tu, lakini mara nyingi ni dawa ya ukungu. Mojawapo ya dawa za jamii hiyo ni mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoirefushia kibali.

Nitaongeza jambo linaloniudhi kama mtu wa fani hii. Maharagwe yetu mabichi yanayokwenda Ulaya hufuatiliwa hadi shambani, na mwaka 2013, baada ya mabaki kuzidi kiwango katika baadhi ya shehena, Umoja wa Ulaya uliagiza sehemu ya kumi ya shehena hizo ipimwe mpakani. Wakulima na wasafirishaji wakajirekebisha, kwa sababu mzigo uliokataliwa ni hasara. Nyanya ya kachumbari ya Kasarani haina mpaka wa kuvuka.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba zao la kilimo hai halipulizwi kitu. Kanuni zake huruhusu dawa zitokanazo na vitu vya asili, kama vile pareto, ambayo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu kwa kuizalisha, mwarobaini, bakteria wanaoua viwavi, na hata madini ya shaba dhidi ya ukungu. Nyingi ya hizi huoza upesi juani, na hiyo ni faida yake kubwa. Lakini shaba haiozi, na asili ya kitu haimaanishi kwamba hakidhuru.

Je, hayo mabaki madogo huumiza? Uchunguzi mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watu wazima karibu 69,000, ulikuta kwamba waliokula vyakula vya kilimo hai kwa wingi zaidi walipata saratani kwa asilimia 25 pungufu kuliko waliokula kidogo zaidi. Kabla yake, mwaka 2014, uchunguzi wa Uingereza uliohusisha wanawake zaidi ya 600,000 haukuona tofauti yoyote katika saratani kwa jumla. Tukumbuke pia kwamba wanunuzi wa vyakula hivi kwa kawaida wana kipato kikubwa zaidi na hufanya mazoezi zaidi, na si rahisi kutenganisha mchango wa sahani na mchango wa maisha yote. Kwa mtu mzima, mimi hulihesabu suala hili kuwa halijaamuliwa. Kwa mtoto ninakuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu hula chakula kingi kulingana na uzito wake, ubongo wake bado unajengwa, na baadhi ya viuatilifu, hasa vya kundi la oganofosfeti, vilitengenezwa kushambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Hofu yako kwa mtoto wa miezi minane si ya kubezwa.

Hata hivyo, kama wasiwasi wako ungekuwa fedha, ningekushauri uutumie kwanza kwenye unga wa uji. Sumukuvu, yaani aflatoksini, haipulizwi na mtu, bali hutengenezwa na kuvu katika mahindi na njugu karanga zilizokaushwa vibaya, na kuvu huyo hajali kama shamba ni la kilimo hai au la kawaida. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika eneo la Ukambani, kati ya 317 waliougua. Kenya imeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini mashine ya posho ya mtaani inayosaga chochote kilicholetwa haina kipimo cha sumu hii. Kuchemsha uji hakuimalizi. Ule unga wa uji uliochanganywa mahindi, njugu, soya, omena na kadhalika, ambao akina mama wengi huuona kuwa ndio wenye nguvu, una njia nyingi za kuingiza sumukuvu. Nunua nafaka nzima iliyokauka, ikague mwenyewe, utupe punje zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye rangi ya kijani kibichi au nyeusi, njugu uzichambue vivyo hivyo kabla ya kukaanga, kisha usagishe kidogo kidogo. Uji wa wimbi au mtama peke yake si mbaya hata kidogo, maana nafaka hizi kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi na njugu.

Jambo la pili ambalo kibandiko peke yake hakiondoi ni vijidudu. Katika Ujerumani, mwaka 2011, machipukizi ya uwatu kutoka shamba moja la kilimo hai yalisambaza bakteria wa E. koli na kuua watu zaidi ya 50. Kosa lilikuwa katika mbegu, wala si katika kanuni za kilimo hai, lakini tukio lile linatosha kutukumbusha. Hapa kwetu tatizo liko kwenye maji. Kuna sukuma na terere zinazooteshwa kandokando ya Mto Nairobi na vijito vyake, zikinyweshwa maji yenye kinyesi na taka za viwandani. Kupika kunaua bakteria, ila madini ya risasi na kadimiamu yaliyofyonzwa na mizizi hayaondoki kwa moto wala kwa kuosha. Kwa hiyo mwulize mama mboga wako mboga zimetoka wapi. Mama mboga wa kudumu analijua jibu, na akikujua kuwa mteja wake wa kila siku hatakuficha.

Ukiamua kununua za kilimo hai, neno "organiki" kwenye pakiti lisikutoshe. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha pamoja tangu mwaka 2007, na alama yake huitwa Kilimohai. Shamba hupata haki ya kuitumia kwa kukaguliwa na shirika la uthibitishaji, au kwa utaratibu wa vikundi ambapo wakulima hukaguana wenyewe kwa kanuni zilizoandikwa. Ukikuta alama hiyo, una mtu wa kumwuliza. Usipoikuta, omba jina la kikundi au shamba, na muuzaji akianza kukueleza uzuri wa mboga badala ya kukutajia jina, endelea na safari yako.

Sasa kuosha. Chumvi na siki hazidhuru, lakini husifiwa kupita uwezo wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 walijaribu soda ya kuokea (baking soda), wala si hamira, kwa gramu 10 katika lita moja ya maji, na baada ya dakika 12 hadi 15 iliondoa dawa mbili walizozipaka juu ya tofaa. Lakini sehemu ya dawa ilikuwa imekwisha kupenya ganda, na hiyo haikutoka. Ndivyo ilivyo kwa viuatilifu vyote vinavyofyonzwa na mmea. Kwa nyumbani, kusugua kwa mkono chini ya maji yanayotiririka kunafaa zaidi kuliko kuloweka kwenye maji matupu, na nyanya ya mtoto ni bora imenywe ganda. Sukuma ina kosa lake la peke yake: tunamwacha mama mboga aikatekate nyembamba kama nyuzi kabla haijaguswa na maji, kwa kisu kilekile na ubao uleule tangu asubuhi, kisha tunafika nyumbani tunaiosha ikiwa imekwisha kukatwa, tukimwaga vitamini na kuingiza uchafu kwenye kila mkato. Mwombe akupe majani mazima. Osha jani moja moja pande zote mbili, hasa penye uti wa jani ambako maji ya dawa hutuama, ndipo ukate.

Kwa shilingi 1,500 zako, nisingebadilisha kapu zima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kila siku, na familia inayolipa mara tatu kwa kila fungu itaishia kula theluthi moja. Hasara hiyo ni ya hakika kuliko ya mabaki. Vitunguu, maboga, viazi vitamu, ndizi, parachichi na maembe endelea kuvinunua kwa mama mboga, kwa kuwa ganda lake hutupwa au zao lenyewe halipulizwi sana. Ukipata ziada ya shilingi mia mbili au tatu, ielekeze kwenye nyanya, pilipili hoho na zile mboga za majani anazokula mtoto. Managu na kunde pia zinafaa, kwani kwa kawaida hupulizwa kidogo kuliko sukuma na spinachi, ingawa tangu zianze kupata soko la mjini, wapo wanaozipuliza pia.

Na kama mna roshani inayopata jua nusu siku, gunia moja lililojazwa udongo na samadi, lenye mashimo ubavuni, litawapa mboga za mtoto kwa miezi mingi. Vidukari wakitokea chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza kwa maji safi. Samadi iwe imeoza mpaka haitoi joto wala harufu kali, kwa sababu samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, tena ina bakteria walewale tuliokuwa tukiwakimbia mtoni.