Kwa mwanangu, kuhusu timu ya voliboli ya chuo cha miaka miwili

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la Jumapili limenikesha. Ulisema, "Mama, kila nikimfundisha mchezaji akaiva, ananiaga. Kwenye chuo cha miaka miwili mtu anajenga nini?" Nilikujibu haraka kwenye simu kwa kuwa ulikuwa unakimbilia kazini, na jibu lile halikuniridhisha. Heri nikuandikie.

Shangazi zako wanadhani chuo cha jamii cha huko Minnesota hakifanani na chochote tulicho nacho huku. Mimi kila unaponisimulia naona chuo changu cha ualimu, enzi za kozi ya P1, ya walimu wa shule za msingi. Ilikuwa miaka miwili vilevile. Wa mwaka wa kwanza wanaingia hawajui hata uwanja uko upande gani, na wa mwaka wa pili mawazo yao yako kwenye mtihani wa mwisho na shule watakazopangiwa. Umesema pia kwamba chuo chenu kiko daraja la tatu la NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili vya Marekani, na hakiruhusiwi kumlipia mtu karo kwa sababu ya mpira. Mimi nilikuwa na chai tu ya kuwapa wasichana baada ya mazoezi, na mandazi mhazini akiwa na moyo mwema. Waliokuja walikuja kwa kuupenda mchezo wenyewe.

Sasa nikueleze kosa langu, maana sijawahi kukusimulia lote. Nilipokabidhiwa timu mwaka 1996 nilikuta mpira mmoja na wavu ulioungwaungwa kwa kamba ya manila. Nilikuta pia msichana mmoja mrefu wa mwaka wa pili, mkono wake kama nyundo. Nikaegemeza kila kitu kwake. Seta, yule anayewapandishia wenzake mpira waupige, nilimpa kazi moja tu, kumpandishia yeye. Tulishinda kanda yetu, mkuu wa chuo akatusifu mbele ya wanafunzi wote, nami nikaamini nimejenga timu. Kisha akamaliza masomo, na wenzake wanne wa kikosi cha kwanza wakamaliza naye.

Msimu uliofuata tulifungwa seti tatu kwa nunge na chuo tulichozoea kukifunga bila jasho. Baada ya mechi msichana mmoja alinifuata akilia. "Mwalimu, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupokea servu ya mechi." Alikuwa ameketi benchi mwaka mzima akiwashikia wenzake chupa za maji. Nilikuwa na mwaka mzima wa kumwandaa, nikautumia kumtazama mwingine.

Toka siku hiyo sikupanga kikosi bila kufikiria nani atakuwapo mwaka ujao. Katika kila mechi, wawili wa mwaka wa kwanza sharti wawe uwanjani, hata tukiwa nyuma. Tulipoteza mechi kadhaa kwa ajili hiyo, na walimu wenzangu walinung'unika. Sikubadilisha. Seta nilikuwa na wawili daima, mmoja kila mwaka, na nilimwomba mlezi wa bweni awaweke chumba kimoja. Yule mkubwa hakuwa amemaliza kazi yake mpaka mdogo aweze kuendesha seti nzima bila kutazama benchi. Mwanangu, umeniambia una seta mmoja tu na yuko mwaka wa pili. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mambo yote uliyonisimulia. Anza wiki hii, hata kama ni kwa binti asiyewahi kuicheza nafasi hiyo. Mtafute yule anayejua wenzake wako wapi kabla mpira haujamfikia.

Jambo la pili ni mapokezi ya servu, ule mpira wa kuanzisha pointi. Nusu ya muda wetu wa mazoezi ilikuwa kupokea kwa vigasha, na wasichana walinichukia kwa wiki tatu za kwanza. Wote wanataka kuruka na kufyatua makombora. Lakini hebu watazame Malkia Strikers wetu, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Wamefika Olimpiki Sydney, Athens, Tokyo na Paris, na hata mechi moja hawajashinda huko. Nimewatazama kwenye televisheni miaka yote hiyo na sijaona upungufu wa makombora. Naona servu nzito inatua, pasi ya kwanza inapepesuka, seta anaufukuzia mpira hadi nje ya mstari, na kombora halipati hata nafasi ya kupigwa. Kama hilo linawatesa mabingwa wa Afrika, litawatesa zaidi wasichana wako kumi wanaotoka darasani wamechoka.

Nafasi ya libero, mchezaji wa kupokea na kulinda nyuma tu, iliingia katika mchezo wa kimataifa mwaka 1998, na ilipotufikia sisi nilishukuru Mungu. Yule msichana wa chupa za maji alikuwa mfupi, na wavu wa wanawake ni mita 2.24, kwa hiyo mbele hakuniwezea. Alikuwa amekwishahitimu, lakini nilimkumbuka kila nilipomvalisha mwingine jezi ya rangi tofauti. Huko nako, usimwache binti mfupi aondoke siku ya majaribio kabla hujamrushia servu ishirini.

Kuhusu wachezaji watatoka wapi: wahitimu wangu walikwenda kufundisha shule za msingi vijijini, na baada ya miaka michache wasichana walianza kufika chuoni wakiwa wamefundishwa na wachezaji wangu. Mmoja alikuja na karatasi iliyoandikwa tu, "Mwalimu, huyu anapokea." Wahitimu wako wataenda vyuo vya miaka minne, au watabaki kazini palepale mjini. Usipoteze namba zao. Waombe warudi Agosti kabla msimu haujaanza, wacheze na wageni jioni mbili tatu. Tena uliniambia Wahmong, wale wenye asili ya Asia, hukusanyika Saint Paul mwezi wa saba na voliboli inachezwa mchana kutwa. Nenda ukakae pale na kofia na maji. Wasalimu wazazi kwanza, mabinti baadaye.

Na hao wanaofanya kazi usiku katika nyumba za wazee, waulize zamu zao kabla hujapanga ratiba. Sisi tulifanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi wakati wa mazoezi ya kufundisha, kwa kuwa hapakuwa na saa nyingine. Masomo pia uyafuatilie mwenyewe kila wiki. Mchezaji akiacha somo moja kimyakimya akashuka chini ya krediti 12 za muhula, ambazo mwanafunzi kamili lazima awe nazo, umempoteza, na kama ana viza ya mwanafunzi atapoteza mengi kuliko nafasi ya kucheza.

Shangazi yako mdogo anasafiri kuja huko tarehe 14. Nimempa lile daftari la kijani ulilokuwa ukilichezea utotoni. Kila seta wangu aliyemaliza alimwandikia mwenzake ukurasa mmoja: nani hupenda mpira wa juu, nani hukata tamaa seti ya tatu, nani akifokewa hucheza vibaya. Kuna kurasa kumi na saba zimejaa. Zilizobaki ni tupu. Mpe seta wako kalamu kabla hajahitimu.

Kula vizuri, na uvae soksi nzito.

Mama yako